Umma Mfano Wetu: Maana ya Fauna na Wanyama wa Mlima Elgon

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Muumba wa chenye kutambaa na chenye kuruka. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake. Ama baad:

Vijana wetu wa darasa wametuletea suala. Katika vitabu vyao vya skuli wamelikuta neno "fauna", na waalimu wao wamewaambia kuwa maana yake ni wanyama wa mahali. Waliporejea majumbani kuuliza, wengine waliambiwa na wakubwa wao kuwa hiyo si ilimu ya kumfaa Mwislamu, bora mtu ajue hukumu za kuchinja, na wanyama wa mwituni awaachie wenye mwitu. Basi wametuuliza mambo mawili: nini khasa maana ya neno hili, na je, dini yetu ina la kusema juu yake? Twajibu, na tawfiki ni kwa Mwenyezi Mungu.

Ama neno lenyewe, ni la Kilatini. Warumi wa kale, kabla ya kuingia dini ya Kinasara, walikuwa na mungu wao wa kike wa mashamba na mifugo, wakimwita Fauna. Mwaka 1746 mtaalamu mmoja wa Sweden, Carl Linnaeus, alitoa kitabu cha kuwahesabu wanyama wa nchi yake, akakiita kwa jina hilo, na neno likaenea katika lugha za Ulaya. Asije mtu akasema kuwa kulitamka ni haramu kwa kuwa asili yake ni sanamu. Mwezi wa Januari nao jina lake limetoka kwa mungu wa Warumi, wala hatujapata kumwona aliyeritadi kwa kuandika tarehe. Jina hufuata makusudio ya mwenye kulitumia.

Na makusudio yake katika ilimu ni haya: jumla ya wanyama waishio kwa asili yao katika nchi fulani. Yazingatieni maneno mawili, jumla na nchi. Ajuaye simba peke yake hajui fauna. Fauna ni simba, na swala aliwaye na simba, na tai alaye mabaki, na mdudu azikaye kinyesi, na chungu atembeaye chini ya jani. Kuku wa uani hamo, kwa kuwa aliletwa na mwanadamu. Na kila nchi ina fauna yake: jangwa ina yake, bahari yetu ya Lamu ina yake, mlima wa baridi una yake, wala huwezi kuvihamisha hivi kama uhamishavyo viti vya baraza.

Hapa ndipo Qur'ani ilipotutangulia, ikatupa jina lililo bora kuliko la Warumi. Katika Sura ya An-am, aya ya 38, Mwenyezi Mungu ametujulisha kuwa kila mnyama atembeaye katika ardhi, na kila ndege arukaye kwa mbawa zake, ni umma mfano wetu sisi. Na kwamba mwisho wao ni kukusanywa mbele ya Mola wao. Taamalini neno hili "umma". Ndilo neno tulilozoea kuliambia kundi la Mtume wetu, nalo ndilo alilopewa kima na nyuki. Umma si kundi la vitu. Umma una makao yake, una riziki yake, una dasturi yake, una namna yake ya kumsabihi Mola wake ambayo sisi hatuifahamu. Na katika Sura ya Hud, aya ya 6, ametujulisha kuwa hapana mnyama ila riziki yake iko juu ya Mwenyezi Mungu, naye ayajua makao yake na mahali pake pa kuwekwa. Basi makao ya mnyama ni jambo lililotajwa kwa wahyi. Mwenye kusoma ni mnyama gani akaa wapi na ala nini, asoma sehemu ndogo ya yale ambayo Mola wake amesema ayajua yote.

Na tazameni tulivyoligeuza neno. Sisi watu wa pwani mtu akitaka kumtukana mwenziwe humwita "hayawani". Neno hilo latokana na uhai. Na Qur'ani, katika Sura ya Ankabut, aya ya 64, imelitumia neno hilohilo kuiita nyumba ya Akhera, kuwa hiyo ndiyo yenye uhai wa kweli. Neno la sifa ya Akhera tumelifanya tusi la barazani.

Sasa natutwae mfano, tusiseme kwa ujumla tu. Katika magharibi ya Kenya, baina ya Kitale na Bungoma, upo mlima Elgon, ambao mpaka wa Kenya na Uganda umepita juu yake. Kilele chake kirefu, Wagagai, kiko upande wa Uganda, nacho chafika mita 4,321. Katika ubavu wake wa upande wa Kenya upo mji mdogo wa Kapsokwony, makao ya utawala wa kaunti ndogo ya Mlima Elgon katika Kaunti ya Bungoma. Wenyeji wa hapo aghlabu ni Wasabaot, na juu zaidi, Chepkitale, wako Waogiek, watu wa mizinga ya nyuki na mifugo.

Mtu akisimama Kapsokwony akainua macho, huona mashamba ya mahindi na migomba. Akipanda ataingia msitu wa miti mikubwa; akizidi atakuta mianzi; akizidi tena atatoka kwenye uwanda wa baridi wenye nyasi ngumu na mimea isiyoota kwingine ila milima mirefu kama huo. Na kila daraja ina umma wake. Msituni mna mbega mweusi mwenye vazi jeupe mabegani, na kima, na pongo, na chui aendaye usiku. Nyati na ndovu hupanda na kushuka kwa kufuata malisho. Mawenimwe mna pimbi. Na karibu na Kitale, katika kinamasi cha Saiwa, ambacho kimewekewa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1974, nayo ni ndogo kuliko hifadhi zote za taifa za Kenya, yuko nzohe, swala wa majini, aliyepewa kwato ndefu zilizopanuka apate kukanyaga matope asizame. Mtoe hapo umpeleke mbugani penye ardhi ngumu, hatafika mbali. Hiyo ndiyo maana ya mnyama na nchi yake: kwato ile imekatwa kwa kipimo cha tope lile.

Lakini ajabu kubwa ya mlima huo ni mapango yake. Yako manne yajulikanayo sana: Kitum, Makingeny, Chepnyalil na Ngwarisha. Mvua nyingi za mlimani huosha chumvi ardhini, hata majani yakawa hayana chumvi ya kuwatosha wanyama walao majani. Mola aliyewanyima chumvi katika majani amewawekea katika ukuta wa jiwe. Ndovu wa Elgon hutoka usiku, mama akifuatana na watoto wake, wakaingia katika pango la Kitum, ambalo limekwenda ndani kadiri ya mita 200. Humo hamna mwezi wala nyota. Hupapasa njia kwa mikonga yao, mtoto akiwa karibu na miguu ya mama yake asije akatumbukia katika nyufa, mpaka wafike kwenye ukuta wenye chumvi. Hapo huchimba kwa pembe zao, wakabomoa vipande vya jiwe, wakavisaga kwa magego na kuvimeza. Wakitoka wao, huingia nyati na pongo wakalamba yaliyobaki. Wamefanya hivyo kizazi baada ya kizazi, na wataalamu wasema kuwa ndovu wenyewe wamekuwa na sehemu kubwa katika kuyapanua mapango hayo.

Basi sasa tumejua pembe ya ndovu ni ya nini. Sisi twaiita pembe, na kwa hakika ni jino, nalo ni chombo cha kuchumia riziki: ni jembe la ndovu, na ni nyundo yake. Mola alimpa kwa ajili ya ukuta ule wa giza. Na sisi tuliifanya nini?

Ndugu zangu, haifai tuyafiche yajulikanayo. Mji wa Pate ulikuwa na siwa yake ya pembe za ndovu. Viti vyetu vya enzi vilitiwa nakshi ya pembe. Bangili, vitana na mipini ya visu ilikuwa ya pembe. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Mombasa na Pangani ikapanda bara kutafuta pembe, hata ikafika nchi ya Wanga, kwa Nabongo Mumia, aliyeshika utawala mwaka 1882. Mwaka 1883 Mskochi Joseph Thomson alipofika mlima Elgon akayaona mapango yake, sehemu ya njia yake alifuatana na msafara wa Jumbe Kimameta, tajiri wa pembe wa Pangani. Na Uislamu wa Mumias, ambao leo ni mji mashuhuri wa Waislamu katika magharibi ya Kenya, mbegu yake ilikwenda na misafara hiyo. Alhamdulillahi kwa mbegu hiyo. Lakini tuseme kweli: tulipeleka shahada kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili tukachukua jino la ndovu. Hatukuwa peke yetu. Wazungu nao walikuja na bunduki zilizo kali zaidi, kama Bell, mwindaji aliyefanya Mumias kituo chake mwanzoni mwa karne ya 20. Ila hesabu ya Bell si juu yetu. Ya kwetu ni juu yetu.

Na lipo jambo ambalo watu wengi hawalijui, au wakilijua hulinyamazia. Sisi wa pwani aghlabu yetu ni Mashafii. Na katika madhehebu ya Imamu Shafii, kama alivyoeleza Imamu Nawawi, pembe ya ndovu hukumu yake ni ya mfupa wa mnyama asiyeliwa: ni najsi, hata ndovu huyo akichinjwa, na kitu kilicho najsi hakisihi kuuzwa. Imamu Abu Hanifa ameona kinyume cha hivyo, kuwa mfupa wa mfu ni tohara, naye ni imamu mkubwa na kauli yake yaheshimiwa. Lakini twauliza: yule tajiri aliyekuwa akidurusu Minhaj baada ya Alfajiri na kupima pembe baada ya Alasiri, alikuwa akiuza kwa madhehebu gani? Je, alichukua kauli ya Abu Hanifa kwa dalili, au hakuuliza kabisa kwa kuwa faida ilikuwa nono? Hili ndilo ugonjwa wetu wa zamani. Twashika madhehebu kwa meno katika kunyanyua mikono na kutoinyanyua, na sokoni twayaacha mlangoni pamoja na viatu.

Wala msidhani kuwa hayo yamepita pamoja na misafara. Mwaka 1973 ndovu wa Kenya walikisiwa kuwa 167,000. Kufika mwaka 1989 walikuwa hawatimii 20,000, kwa kazi ya majangili, ingawa uwindaji ulikuwa umekatazwa na sharia tangu mwaka 1977. Ndovu wa Elgon nao waliuawa wengi katika miaka hiyo ya 1980, wengine katika njia za mapangoni, kwa kuwa mwuaji alijua kuwa mwenye kutafuta chumvi hana budi kupita. Mwaka 1989 serikali ya Kenya ilizichoma moto tani 12 za pembe, na mwaka 2016 ikachoma tani 105. Mwaka uleule wa 1989 mataifa yaliafikiana kuizuia biashara ya pembe duniani. Hesabu ya mwaka 2021 ilikuta ndovu 36,280 katika Kenya nzima, na hiyo ni kheri baada ya shari. Lakini pembe zilizoibwa bara zilikuwa zikitafuta bahari, na bahari ni kwetu. Mwaka 2014 zilikamatwa zaidi ya tani mbili katika ghala moja mjini Mombasa. Mwenye ghala, mwenye gari, mwenye kuandika karatasi za uwongo, mwenye kufumba jicho langoni, wote hao ni watu wa mjini, na wengine wao huenda ikawa twapangana nao safu moja siku ya Ijumaa.

Asije mtu akasema: "Ni mnyama tu, na Mwenyezi Mungu amewaumba kwa ajili yetu." Ni kweli ametutiishia wanyama, na kula cha halali ni neema. Lakini aliyepewa kitu kwa amana hakupewa ruhusa ya kukiharibu. Bwana Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuhadithia habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa ajili ya paka aliyemfungia asimlishe wala asimwache ale wadudu wa ardhi, na habari ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Ametuhadithia pia habari ya Nabii mmoja aliyeumwa na chungu, akaamrisha kijiji chao kichomwe, Mwenyezi Mungu akamlaumu kwa kuuteketeza umma mzima wenye kumsabihi kwa kosa la mmoja. Na Masahaba walipowachukua makinda wa ndege, mama yao akawa apepea juu yao, Mtume aliamrisha mama arudishiwe wanawe. Ikiwa hiyo ndiyo haki ya chungu na ndege, itakuwaje haki ya ndovu aliyeuawa akatolewa jino, na mzoga ukaachwa uoze, asiliwe, asifaidiwe, na mtoto wake akabaki amesimama hapo?

Tena dini yetu haikuishia katika kuwaonea huruma mnyama mmoja mmoja. Imeweka hukumu ya nchi na wanyama wake kwa pamoja. Makka na Madina ni haram: mnyama wake hafukuzwi, mti wake haukatwi. Na mbali na hizo, Mtume aliiweka Naqii kuwa hima, yaani malisho yaliyohifadhiwa kwa maslahi ya Waislamu, na Sayyidna Umar akaweka hima ya Rabadha. Basi wasemao kuwa hifadhi za wanyama ni mzuo wa Wazungu hawajaisoma historia ya dini yao.

Lakini hapa ipo nukta kubwa, wala haifai kupitwa. Sayyidna Umar alipomweka mtu wake Hunayy kuisimamia hima, hakumpa usia juu ya malisho tu. Alimwusia awe mpole kwa Waislamu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa; amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache; na akamtahadharisha na mifugo ya matajiri, akiwataja kwa majina Abdur-Rahman bin Auf na Uthman bin Affan, kwa kuwa matajiri hao wakipoteza mifugo wana mashamba na mitende ya kurejea, na maskini akipoteza chake atakuja na watoto wake kulia mlangoni. Hima ya Umar ilimzuia mkubwa ikampisha mnyonge.

Linganisheni na yaliyopita mlimani. Hifadhi ya taifa ya Mlima Elgon iliwekwa mwaka 1968. Kisha mwaka 2000 nchi ya Chepkitale, makao ya Waogiek, nayo ikafanywa hifadhi, na wenyewe wakafukuzwa humo zaidi ya mara moja na nyumba zao zikachomwa. Mwaka 2022 mahakama ya ardhi na mazingira ya Bungoma ilihukumu kuwa kuigeuza nchi hiyo hifadhi hakukuwa halali. Hao ni watu waliokaa na ndovu hao na nyuki hao zama na zama. Anayemtoa mtu wa namna hiyo kwa kumtetea ndovu hakumfahamu ndovu wala hakumfahamu mtu. Na kwa upande wa pili, mkulima ambaye mahindi yake yameliwa na nyati au ndovu kwa usiku mmoja hatatulizwa kwa hotuba. Sharia ya mwaka 2013 imempa haki ya kulipwa fidia, na kuichelewesha haki yake ni dhulma, na dhulma hiyo ndiyo imfunguliayo jangili mlango. Uadilifu kwa umma huu na uadilifu kwa umma ule haviachani.

Sasa turejee kwetu, tutazame khurafa zetu. Bundi akilia juu ya dari, nyumba nzima huingia hofu, watoto wakapewa mawe wamfukuze, na mwenye mgonjwa akaanza kutayarisha sanda. Mtume wetu alikwisha kuyabatilisha hayo. Alikataa fali mbaya ya ndege, na akamtaja bundi khasa, kwa kuwa Waarabu wa Jahiliya nao walikuwa na maneno yao juu yake. Bundi hakuleta khabari ya mauti. Amefuata panya walao nafaka yenu, na mwenye kumwua ameuacha mchele wake kwa panya. Kadhalika usinga wa mkia wa ndovu uvaliwao mkononi kwa kinga, na kucha za chui, na mafuta ya simba yauzwayo kwa siri, na ngozi zitakiwazo na waganga. Haya yamekusanya madhambi mawili kwa bei moja: kumshirikisha Mwenyezi Mungu kwa kutegemea kinga ya mfupa, na kumwua kiumbe chake bila ya haki. Lau hatungekuwa na wanunuzi wa hirizi, wangapi wangalisalimika?

Wala ilimu tunayoisema si kumpapasa kila mnyama kwa mapenzi. Katika pango hilohilo la Kitum mna popo, na watu wawili waliolizuru, mmoja mwaka 1980 na mmoja mwaka 1987, walishikwa na maradhi mabaya ya Marburg wakafa. Baadaye wataalamu walihakikisha katika mapango ya Uganda kuwa popo walao matunda ndio wabebao virusi vya maradhi hayo. Mjinga akisikia hivyo husema popo wote wauawe. Mwenye ilimu husema: usiingie pangoni mwao bila ya sababu na bila ya kinga, na uwaache wafanye kazi waliyoumbiwa, kwa kuwa popo haohao ndio wapelekao mbegu za miti msituni, na ndio wachavushao maua ya mibuyu yetu ya pwani usiku sisi tukilala. Kila umma una mpaka wake, na kuujua mpaka ni sehemu ya adabu.

Na pwani nayo ina umma zake. Nguva, ambaye wazee wa Lamu walimjua vizuri, leo hata mvuvi mzoefu huweza kumaliza umri asimwone. Kasa hutaga katika fuo zetu, na mayai yake huchimbuliwa. Upande wa Tana na Garissa yuko hirola, swala adimu, na waliobaki hawafiki 500; na walioamka kumhifadhi katika eneo la Ishaqbini ni wafugaji wa Kisomali, ndugu zetu Waislamu, katika ardhi yao wenyewe. Na kisiwani Misali, Pemba, wavuvi walikwisha kufundishwa hifadhi ya bahari kwa aya na hadithi. Husemwa kuwa kisiwa hicho kina umbo la msala alioswalia Nabii Khidhri; hilo twaliacha kwa walisemao. La muhimu ni kuwa mvuvi aliambiwa kuwa bahari ni amana, akalielewa neno hilo kuliko mabango yote.

Basi, ndugu zangu, jawabu ya suala la vijana ni hii. Fauna ni umma za nchi, na kuzijua ni katika kumjua aliyeziumba. Na wajibu wetu ni mambo manne. La kwanza, waalimu wa vyuo wawafundishe watoto majina na makao ya wanyama pamoja na aya zinazowataja. Haifai mtoto ahifadhi Sura ya Nahli na asijue nyuki aishi vipi. La pili, mtu asinunue wala asiuze wala asibebe pembe, kucha, ngozi au gamba lililopatikana kwa haramu, na mwenye kulijua ghala la haramu asinyamaze. La tatu, tuzivunje khurafa za bundi na hirizi majumbani mwetu, tuanze na mama na mabibi kwa upole, kwa kuwa wao ndio waalimu wa mwanzo. La nne, tukisikia kuwa watu wa mlimani au wa pwani wamedhulumiwa kwa jina la wanyama, tuseme neno la haki, kama tusemavyo wanyama wakidhulumiwa kwa jina la watu.

Na mwisho kumbukeni Bonde la Chungu. Qur'ani, katika Sura ya Namli, imeita bonde kwa jina la wanyama wake, na hiyo ni fauna iliyotajwa wazi. Chungu mmoja aliwahimiza wenzake waingie majumbani mwao, asije Nabii Sulaiman na majeshi yake akawaponda hali ya kuwa hawatambui. Hakusema kuwa majeshi ni maovu. Alijua kuwa mguu usiojua huua sawa na mguu wenye chuki. Nabii Sulaiman alipomsikia alitabasamu, na mara akamwomba Mola wake amjaalie kushukuru na kutenda mema. Alikuwa na ufalme ambao hakupewa mwingine, na alisimama kwa ajili ya chungu. Sisi majeshi yetu ni magari, na meli, na fedha, na miguu yetu imekwisha kufika kila bonde. Hatuna tena udhuru wa kutotambua, maana tumekwisha kuambiwa.

Siku ya Kiyama wanyama watakusanywa, na Mtume ametufahamisha kuwa hata mbuzi asiye na pembe atalipiziwa kisasi kwa mwenye pembe. Ikiwa wao kwa wao watapewa haki zao, tujiulize nini kitakuwa baina yao na sisi.

Ewe Mola wetu, tufundishe yenye kutufaa, utunufaishe kwa uliyotufundisha, utujaalie kuwa wenye huruma katika ardhi, na usitufanye katika wale ambao umma wako watawashitaki mbele yako. Amin.

Wabillahi tawfiki.